Kutafuta Chanzo cha Stata Nzito kwenye Pikipiki ya Zamani

Pikipiki zilizotumika miaka mingi kati ya Tabora mjini, Sikonge na Urambo hufikishwa kwa mafundi zikiwa na dalili moja: mwenye chombo akibonyeza kitufe cha stata, yaani mota ya umeme inayoizungusha injini ili iwake, injini huzunguka kwa uzito mara mbili au tatu, taa hufifia, kisha kila kitu husimama. Mara nyingi huambiwa anunue betri, na betri mpya isiposaidia huambiwa anunue stata. Kwa mtu anayepata riziki ya siku kutokana na chombo hicho, si haki kumbebesha gharama hizo kabla ya kupima, ilhali mita ya kawaida ya umeme hutosha kuonyesha mahali volti zinapopotelea.

Anzia kwenye betri, kwa kuwa ikiwa dhaifu vipimo vingine vyote havitakuwa na maana. Kwa mfumo wa volti 12, betri ya asidi iliyojaa chaji na kupumzika kwa saa kadhaa huonyesha kati ya volti 12.6 na 12.8, ikishuka hadi 12.0 iko karibu tupu na inapaswa kuchajiwa kwanza, kwa mkondo usiozidi sana sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake, yaani takriban ampea 0.9 kwa betri ya ampea-saa 9. Joto la Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, hupunguza haraka maji ya betri za kujaza, na hapo huongezwa maji safi ya betri yasiyo na asidi. Maji ya kisima yana chumvi zinazoharibu sahani za ndani.

Hata hivyo, betri iliyochoka inaweza kuonyesha 12.6 ikiwa imetulia na kuporomoka mara inapodaiwa mkondo mkubwa, kwa hiyo ni lazima ipimwe ikiwa kazini. Weka gia kwenye nyutro, funga koki ya mafuta, kisha vua kofia ya plagi na uichomeke kwenye plagi ya akiba iliyolazwa ikigusa chuma cha injini, ili injini izunguke bila kuwaka na bila kuhatarisha mfumo wa cheche. Bonyeza stata kwa sekunde chache huku mita ikiwa kwenye nguzo mbili za betri. Zikibaki takriban volti 10 au zaidi, betri si mkosaji.

Hatua inayofuata, kupima volti zinazopotea kwenye waya na maungio, ndiyo inayorukwa na wengi, nami naiona kuwa muhimu kuliko zote. Ukinzani (kizuizi cha umeme kwenye waya au maungio) wa omu 0.02, ambao mita ya kawaida haiwezi kuuonyesha kwa uhakika, ukipitiwa na mkondo wa ampea 60 hula volti 1.2, na stata hukosa nguvu ingawa betri ni nzima. Acha mita kwenye volti. Usiiweke kamwe kwenye ampea, kwa sababu mkondo wa stata utaiunguza. Gusisha waya mwekundu wa mita kwenye nguzo chanya yenyewe, wala si kwenye kibanio chake, na waya mweusi kwenye bolti ya stata inayopokea umeme. Kabla ya kubonyeza, mita itaonyesha volti za betri, jambo ambalo ni la kawaida, kwa hiyo soma namba wakati stata inazunguka: isizidi takriban 0.5. Kisha pima kati ya nguzo hasi na mwili wa stata, ambapo 0.2 inatosha kuwa kikomo.

Namba ikizidi, sogeza mita kipande kwa kipande, kutoka nguzo hadi kibanio, kisha upande mmoja wa rilei (swichi inayopitisha mkondo mkubwa kwenda kwenye stata) hadi mwingine, mpaka upate mahali pa hasara. Rilei inayopoteza zaidi ya volti 0.3 huwa imeungua ndani na hubadilishwa. Katika pikipiki za zamani nashauri waya wa athi, yaani ule unaounganisha nguzo hasi na chuma cha pikipiki, utazamwe kwa makini, kwa sababu mtikisiko wa barabara za vumbi hulegeza bolti yake, na wapo wanaoifunga juu ya rangi. Kwangua hadi chuma kionekane, kaza, kisha paka grisi kidogo.

Ikiwa stata inapata volti za kutosha na bado ni nzito, chomoa plagi ya injini na uzungushe injini kwa kiki. Ukihisi ugumu usio wa kawaida, tatizo liko ndani ya injini au kwenye oili nzito kupita kiasi. Ikiwa injini hurudi nyuma ghafla wakati wa kuwashwa, lakini huzunguka vizuri cheche ikiwa imeondolewa, kagua taimingi, yaani wakati cheche inapotoka.

Kinachobaki ni stata yenyewe. Tenganisha kwanza waya hasi wa betri, weka alama kwenye maungio ya stata kabla ya kuifungua, na utunze mpangilio wa washa (pete bapa) zake. Makaboni, yaani vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka, yakifupika kuliko kipimo cha mtengenezaji hubadilishwa pamoja, na pete ya shaba yanayoigusa husafishwa kwa msasa laini. Oili ikionekana ndani, badilisha sili, la sivyo makaboni mapya yatalowa tena. Usiigonge stata kwa nyundo, kwa kuwa sumaku zake hupasuka.

Ukishaifunga na injini ikawaka, pima betri injini ikizunguka kwa kasi ya kati, hasa kama pikipiki imeongezewa taa au redio. Zinatakiwa volti 13.5 hadi 14.5. Zikiwa chini ya 13, angalia koili za chaji na regyuleta (kifaa kinachodhibiti volti za chaji). Zikizidi 15, regyuleta ibadilishwe kabla haijachemsha betri.