Biskuti za Mbwa Zisifungwe Kabla Hazijakauka Ndani

Wafugaji wa Tanga wanaowaokea mbwa wao biskuti nyumbani, kuanzia wale wa Raskazone na Sahare wenye mbwa wa ulinzi hadi wakulima wa Muheza ambao mbwa wao hulinda mahindi dhidi ya nyani mchana na nguruwe pori usiku, wanajua kukanda unga na kuwasha jiko, na makala haya hayatawafundisha hilo. Yanaandikwa kwa sababu ya kosa moja linalojirudia, hasa wakati wa masika: biskuti huepuliwa zikiwa zimepiga rangi nzuri nje huku ndani zikiwa na maji, hutiwa kwenye kopo siku hiyo hiyo, na kabla ya wiki kwisha zinaota ukungu. Kosa hilo huzaa lingine lililo baya zaidi, kwa kuwa mwenye biskuti huona uchungu kuzitupa, akafuta ukungu kwa kitambaa, akazirudisha jikoni kwa imani kwamba moto utamaliza kila kitu, kisha akamlisha mbwa.

Moto haumalizi kila kitu. Baadhi ya kuvu wanaoota kwenye nafaka na karanga, hasa Aspergillus flavus, hutengeneza sumu iitwayo sumukuvu, na sumu hiyo huvumilia joto la jiko la nyumbani hata baada ya kuvu wenyewe kufa. Si kila ukungu unatoa sumukuvu, lakini hakuna jicho la mtu linaloweza kutofautisha unaotoa na usiotoa, na sumu ikishaingia ndani ya biskuti haifutiki kwa kitambaa wala haina harufu ya kumwonya mtu. Mwaka 2016 sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa upande wa mbwa, huko Marekani, mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021, zaidi ya mbwa 110 waliripotiwa kufa baada ya kula chakula cha kiwandani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Ikiwa kiwanda chenye maabara kiliponyokwa, anayekadiria kwa jicho jikoni kwake hana sababu ya kujiamini.

Hali ya hewa ya Pwani humsaidia sana kuvu huyu. Hustawi katika joto la nyuzi 25 hadi 35 za Selsiasi, ambalo ndilo joto letu karibu mwaka mzima, na kinachomzuia ni ukavu tu. Kwa hiyo mwokaji wa Tanga hawezi kufuata maelekezo ya mtu wa nchi ya baridi anayesema biskuti zioke dakika 30 na zihifadhiwe. Huko hewa yenyewe humalizia kazi ya kukausha, wakati hapa hewa huirudishia biskuti maji yaliyokwisha kutoka.

Njia ya uhakika ya kujua kama biskuti imekauka ni mizani, na ninasisitiza mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja, si ile ya kuning'iniza ya sokoni. Chukueni mfano wa mchanganyiko huu: dona gramu 250, unga wa ngano gramu 250, viazi vitamu vilivyochemshwa na kupondwa gramu 200, yai moja lenye gramu 50 bila ganda, dagaa wakavu wasio na chumvi waliosagwa gramu 50, na maji mililita 100. Jumla yake ni gramu 900. Ukiondoa maji yote yaliyomo, yakiwemo yale ya viazi, ya yai na hata yale machache yaliyojificha ndani ya unga, hubaki takriban gramu 550 za vitu vikavu. Biskuti inayoweza kukaa koponi isizidi asilimia 10 ya maji, na hiyo ina maana kwamba gramu 900 zilizoingia jikoni lazima zitoke zikiwa 610 au pungufu kidogo. Anayeepua zikiwa gramu 700, na wengi huepua hapo kwa sababu rangi imeshapendeza, amefunga koponi gramu 90 za maji ya ziada, na biskuti zake zina unyevu unaopita asilimia 20. Hizo haziwezi kukaa. Mahindi yenyewe hatuyaweki ghalani mpaka yashuke chini ya asilimia 14, sasa inakuwaje biskuti yenye yai na samaki ifungwe ikiwa na asilimia 20?

Kwa kuwa unga mwingine hubaki mikononi na kwenye kibao, pimeni kile kilichopangwa kwenye trei, si kile kilichokandwa. Kwa mchanganyiko huu, kila gramu 100 zinazoingia motoni zitoke zikiwa gramu 68. Mkibadilisha viungo, hesabu nayo inabadilika: anayetumia boga badala ya viazi vitamu ameongeza maji mengi, na biskuti zake zinapaswa kupungua uzito zaidi ya hapo.

Jambo la pili ni unene, na hapa ndipo muda mwingi hupotea bure. Sukumeni unga hadi unene wa milimita 5, yaani nusu sentimita, kisha kateni vipande vya sentimita 4 kwa 3, ambavyo vikikauka vitakuwa na gramu 5 hivi kila kimoja; mchanganyiko ulioelezwa hapo juu hutoa vipande kama 120. Wapo wanaokata vipande vya sentimita nzima kwa kuwa mbwa wao ni mkubwa, wakidhani kwamba unene ukizidi maradufu watazidisha muda maradufu. Sivyo. Maji yanapotoka katikati ya kitu, unene ukiwa mara mbili muda unaohitajika unakaribia mara nne, na kabla muda huo haujatimia nje huwa pameungua. Mwenye mbwa mkubwa ampe vipande viwili. Ili unene uwe sawa, wekeni vipande viwili vya mbao vyenye milimita 5, kimoja kila upande wa unga, na mti wa kusukumia upite juu yake. Kisha toboeni kila kipande kwa uma mara tatu au nne, matundu yafike chini, ili mvuke upate njia.

Wenye oveni waoke kwa nyuzi 160 kwa dakika 25, wageuze vipande, waongeze dakika 10, kisha washushe joto hadi nyuzi 100 na kuziacha kwa saa 2 huku mlango umeachwa wazi kiasi cha upana wa kidole. Hizo saa 2 ndizo zinazoachwa na wengi kwa ajili ya kuogopa luku. Gharama ni ya kweli, sipingi, na dawa yake ni kuoka trei tatu kwa mpigo mmoja badala ya trei moja kila siku.

Wanaooka kwa makaa ya juu na chini, na hao ndio wengi, wana tatizo lao mahususi. Mfuniko wa sufuria ukibana, mvuke unaotoka kwenye biskuti hugonga mfuniko, hugeuka matone na kudondokea biskuti zile zile, hivyo mtu anaweza kukaa saa nzima akipika maji yasiyotoka. Baada ya dakika 30 za kwanza, ondoeni makaa yote ya juu, punguzeni ya chini yabaki robo, kisha inueni mfuniko upande mmoja kwa kijiti chenye unene wa kidole na kuuacha hivyo kwa saa 2 au zaidi, mkigeuza vipande kila nusu saa. Tazameni upande wa ndani wa mfuniko: maadamu una jasho, biskuti bado zinatoa maji. Wakati wa kiangazi, Januari na Februari, kazi hii inaweza kumaliziwa na jua, biskuti zikipangwa juu ya wavu ulioinuliwa na kufunikwa chandarua kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri na kuingizwa ndani kabla jua halijapoa. Masika yakianza msijaribu jua hata siku moja.

Kupoza nako kuna saa zake. Biskuti zikifungwa zikiwa na joto, mvuke huganda ndani ya kopo na kuzilowesha upya. Zikiachwa mezani usiku kucha katika hewa ya Tanga, huvuta unyevu na kulegea. Zipozeni juu ya wavu, si juu ya trei yenyewe, kwa saa moja na nusu hadi mbili, hadi mkono usisikie joto lolote, kisha pimeni uzito na kufunga papo hapo. Anayeoka jioni na kulala akisema atafunga asubuhi amefanya kazi ya bure.

Asiye na mizani atumie chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza. Biskuti tano zilizokwisha poa, zile nene kuliko wenzake, ziwekwe ndani na kufungwa usiku mzima. Asubuhi kioo kikiwa na ukungu wa mvuke, hata kidogo, biskuti zote zirudi kwenye moto mdogo kwa saa moja. Kioo kikiwa safi, vunjeni moja: kingo zilizokuwa zinakatika jana zikiwa zimelainika leo, maji ya katikati yamesambaa hadi nje na kipimo kimeshindwa. Iliyokauka hukatika kwa mlio mmoja na rangi ya ndani ni moja.

Kopo lenyewe mara nyingi ndilo linaloharibu kazi nzuri. Nyumba nyingi za Pwani hutenga vyombo vya mbwa mbali na vya watu, na huo ni utaratibu mzuri, ila kinachotengwa huwa ni kile kilichopasuka, chenye mfuniko usiokaa. Mbwa atengewe chombo kizima. Kopo la maziwa ya unga au chupa kubwa ya kioo inafaa, likiwa limeoshwa na kukaushwa kabisa. Ndoo iliyowahi kuwa na rangi au dawa ya shamba haifai kwa namna yoyote. Gaweni biskuti katika vyombo vidogo vya matumizi ya wiki moja, kwa sababu kila mfuniko unapofunguliwa hewa yenye unyevu huingia, na hata zilizokauka vizuri zisikae zaidi ya wiki 3 hadi 4, kwani mafuta ya dona na dagaa huchacha.

Ukavu wote huo hautasaidia ikiwa unga ulikuwa na sumu tangu mwanzo. Tabia ya kuchambua mahindi na karanga, nzuri zikaliwa na watu na zilizosinyaa, zilizovunjika au kubadilika rangi zikawekwa "za mbwa," ikome, kwa sababu punje hizo ndizo zinazobeba sumukuvu nyingi, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo kwa urahisi. Pumba nayo hubeba zaidi kuliko sembe. Chicha ya nazi iachwe: inashika maji na mafuta, haikauki kwa urahisi, na huchacha upesi. Kuhusu viungo, wengi wanajua habari za chokoleti, vitunguu na zabibu, lakini jikoni kwetu kuna kungumanga, ambayo huongezwa pamoja na iliki kwa mazoea ya mkono. Kungumanga ni sumu kwa mbwa na isiguse unga huu.

Biskuti ni kitafunwa, si chakula kikuu, na zisipite asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mbwa wa kilo 15, hizo ni biskuti 4 za gramu 5. Mbwa akizila vizuri na kinyesi chake kikabaki kigumu cha kawaida, mambo yako sawa.

Mbwa aliyekula biskuti zenye ukungu akisusa chakula, akatapika, akalegea, fizi na weupe wa macho vikawa vya manjano, mkojo ukakoza rangi au kinyesi kikawa cheusi, ini lake linashambuliwa, na hakuna dawa mahususi ya kuiondoa sumu hiyo mwilini. Apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo pamoja na biskuti zilizobaki, na msimpe maziwa wala mafuta ya nazi njiani kwa kudhani yatakata sumu. Kwa anayeoka ili auze, mteja mmoja akipoteza mbwa biashara imekwisha, na kabla ya kuanza kuuza apite kwa afisa mifugo wa wilaya, kwa kuwa vyakula vya mifugo vina sheria yake tangu mwaka 2010.

Biskuti zilizoota ukungu zichomwe au zifukiwe kwenye shimo lenye kina cha kutosha mbwa asizifukue. Zisitupiwe kuku wala bata, ambao nao hudhurika, na bata hudhurika upesi zaidi. Wala zisichanganywe kwenye pumba ya ng'ombe wa maziwa, maana ng'ombe anayekula sumukuvu hutoa sehemu yake kwenye maziwa, na maziwa hayo ndiyo yanayochotwa asubuhi kupelekwa kituo cha kukusanyia na kunyweshwa watoto.