Jinsi ya Kukadiria Hatari ya Saratani Katika Dawa ya Shambani
Mkulima wa Molo au Njoro anayehofia dawa anayonyunyizia shambani aanze kwa kusoma kwenye lebo jina la kiambato amilifu, yaani kemikali yenyewe inayofanya kazi ndani ya dawa, kwa maana jina la biashara halitoshi. Kisha alitafute katika orodha ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo mwaka 2015 liliweka glifosati, ya kuua magugu, na malathioni, ya kuua wadudu, katika kundi la 2A, yaani yamkini zinasababisha saratani kwa binadamu. Kundi hilo, na hapa ndipo wengi hukosea, huonyesha uzito wa ushahidi tu. Ukubwa wa hatari hutegemea pia kiasi kinachoingia mwilini. Kwa hiyo ahesabu siku anazonyunyizia kwa mwaka, miaka aliyoifanya kazi hiyo, na achunguze kama pampu ya mgongoni huvuja hadi nguo zikalowa, kwani sumu hupenya ngozini.