Mazoezi ya Nyumbani kwa Anayeanza Rola Dabi: Shuka Chini, Mguu Mmoja, Kwenda Pembeni

Kinachomshinda mchezaji mpya wa rola dabi, mchezo wa timu mbili zinazopigana vikumbo zikizunguka uwanja kwa viatu vya magurudumu, mwanzoni si kasi, ni kukaa chini. Magoti yamekunjwa, nyonga zimeshuka, kifua kimeinuka: mkao huo anatakiwa kuushika raundi nzima, na mapaja yasiyouzoea huanza kuwaka moto kabla ya nusu dakika kuisha. Akichoka anasimama wima, na akisimama wima hata kikumbo chepesi kinamlaza sakafuni.

Ndiyo maana skwoti (kuchuchumaa na kuinuka) 50 za kila asubuhi hazimfikishi mbali. Skwoti ya kawaida hupandisha na kushusha miguu yote miwili kwa pamoja, wakati kwenye viatu vya magurudumu mguu mmoja husukuma huku mwingine umebeba mwili wote, na msukumo wenyewe huenda pembeni. Mazoezi yafuatayo yamechaguliwa kwa kuangalia hilo. Vifaa ni vichache: kiti imara, taulo, begi la mgongoni, chupa za maji na mpira wa mazoezi wa kuvutika.

Anza na mkao

Pasha mwili moto kwa dakika 5 hadi 8 kwanza: tembea kwa kuinua magoti, zungusha nyonga, chuchumaa taratibu mara 10. Kisha simama pekupeku, miguu ikiachana kwa upana wa mabega. Kunja vifundo, magoti na nyonga kwa pamoja. Uzito ukae katikati ya unyayo, visigino visiinuke, macho yatazame mbele.

Kosa la kawaida ni kukunja kiuno badala ya magoti. Mtu anainamisha kifua, anatazama sakafu, na anaamini ameshuka kumbe nyonga ziko pale pale juu. Kwenye magurudumu kosa hilo hupeleka uzito mbele ya vidole, na mguso mdogo mgongoni unatosha kumtupa kifudifudi. Jipime kwa kioo ukiwa umesimama kiubavu: mstari wa mgongo na mstari wa ugoko viende karibu sambamba.

Wiki ya kwanza shika mkao huo sekunde 20, pumzika sekunde 40, rudia mara 5. Kila siku ya mazoezi ongeza sekunde 5 au 10. Lengo ni dakika 2, maana raundi ya rola dabi huweza kufika dakika 2, na kati ya raundi na raundi kuna sekunde 30 tu. Ukifika dakika 1 bila kutetemeka, acha kusimama kama sanamu: piga hatua ndogo kushoto na kulia, geuza kichwa kutazama nyuma, inua mguu mmoja kidogo kisha mwingine, nyonga zikibaki chini vilevile. Kukaa huku umeegemea ukuta kunafaa kwa siku za mwanzo tu. Kunajenga mapaja, lakini ukuta ndio unaokushikia mizani.

Mguu mmoja

Hili ndilo zoezi tunalolipa uzito kuliko yote. Kaa kwenye kiti chenye urefu wa takribani sentimita 45. Nyoosha mguu mmoja mbele bila kugusa sakafu, kisha inuka kwa mguu uliobaki. Rudi kukaa polepole kwa kuhesabu hadi tatu, usijibwage. Fanya seti 3 za marudio 6 kila upande, na kati ya seti pumzika dakika 1 na nusu. Ukishindwa kuinuka, weka mto mgumu juu ya kiti ili kimo kiongezeke.

Litazame goti. Likiangukia ndani, kuelekea mguu mwingine, simamisha seti. Misuli ya pembeni ya makalio, ambayo kazi yake ni kulizuia paja lisigeuke ndani, imechoka au bado ni dhaifu. Goti linaloporomoka ndani wakati wa kutua au kupokea kikumbo ndilo linaloweka kano zake hatarini, kwa hiyo kosa hili lisiachwe likawa mazoea. Ongeza kimo cha kiti, punguza kasi, elekeza goti kwenye kidole cha pili cha mguu. Marudio manne safi ni bora kuliko kumi ya goti linaloyumba.

Kwenda pembeni na kuvusha mguu

Wachezaji huzunguka uwanja kinyume cha mwendo wa saa, kwa hiyo kona zote ni za kushoto. Kwenye kona mguu wa kulia huvuka mbele ya wa kushoto, na wa kushoto husukuma kwa chini ukitokea nyuma ya mwili. Msukumo huo wa chini wanaoanza huusahau: wanavusha mguu wa kulia vizuri, lakini wa kushoto wanauinua tu bila kusukuma nao, na kasi yote inaishia hapo.

Nyumbani ujenge hivi. Kutoka kwenye mkao wako, peleka mguu wa kushoto nyuma na uuvushe kuelekea kulia hadi goti lake likaribie sakafu, kisha inuka kwa kukandamiza kisigino cha mguu wa kulia. Fanya marudio 8, badilisha upande, jumla seti 3. Halafu funga mpira juu kidogo ya magoti, tembea kiubavu hatua 10 kila upande ukiwa chini, vidole vikielekea mbele. Pande zote mbili zipate kazi sawa. Uwanja tayari unalemea upande mmoja, na nyumbani ndiko pa kurudisha usawa. Upande unaouona dhaifu uongezee seti moja.

Baada ya wiki tatu hivi ongeza mruko wa pembeni: ruka kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, tua kimya, tulia sekunde 2 kabla ya kuruka tena. Seti 3 za miruko 8 zinatosha. Ukisikia kishindo, umeruka mbali kuliko uwezo wako wa kutua.

Misuli ya ndani ya paja nayo isisahauliwe, kwa sababu huvutika vibaya pale mguu unapoteleza nje. Weka taulo chini ya mguu mmoja kwenye sakafu inayoteleza, utelezeshe pembeni huku goti la mguu uliosimama likikunjika, kisha uuvute urudi. Marudio 8 kila upande, na mwanzoni usitelezeshe mbali.

Vifundo

Simama ukingoni mwa ngazi, panda kwa vidole kwa sekunde 2, shuka kwa sekunde 3 hadi visigino vipite chini ya ukingo. Marudio 12 hadi 15, seti 2. Kisha egemea ukuta kwa mgongo, visigino vikiwa sentimita 30 mbele, uinue vidole vya miguu mara 15. Malizia kwa kusimama mguu mmoja sekunde 30, na ukishazoea, fumba macho.

Kama visigino vinainuka kila unaposhuka kwenye mkao, huenda tatizo ni vifundo vigumu wala si mapaja. Weka unyayo sentimita 10 kutoka ukutani na ujaribu kugusa ukuta kwa goti bila kisigino kuinuka. Ukishindwa, fanya jaribio hilohilo kuwa zoezi, mara 10 kila mguu kila siku.

Kiwiliwili na mikono

Kugonga kwa viwiko, sehemu ya mkono iliyo chini ya kiwiko au kichwa ni kosa. Vikumbo halali hutoka kwenye mabega, kiwiliwili na nyonga. Kwa hiyo tumbo ndilo linalosafirisha nguvu kutoka miguuni. Planki ya ubavu (kujiinua kiubavu kwa mkono mmoja, mwili umenyooka) sekunde 20 hadi 30 kila upande, planki ya mikono iliyonyooka ukigusa bega moja kisha jingine mara 16, pushapu 6 hadi 10, na kuvuta begi lenye uzito kuelekea mbavu mara 10 kila mkono. Pumua muda wote.

Kuanguka na kuinuka

Vaa vikinga magoti, tandika mkeka. Shuka goti moja, inuka bila kugusa sakafu wala paja kwa mikono, mara 8 kila upande. Ukijifunza kuanguka, jikunje uwe mdogo na ufumbe ngumi, kwa sababu vidole vilivyotandazwa sakafuni hukanyagwa na magurudumu ya wengine.

Pumzi na ratiba

Kamba ya kuruka, ngazi au baiskeli, chochote ulicho nacho. Anza na sekunde 30 za nguvu na 90 za taratibu, mara 6. Wiki ya tatu iwe dakika 1 kwa dakika 1. Kufikia wiki ya sita jaribu dakika 2 kwa dakika 2, mara 5. Magoti yakilalamika, baiskeli ndiyo rafiki.

Nguvu mara mbili kwa wiki, zikitenganishwa na angalau saa 48, na pumzi mara moja au mbili. Usichoshe miguu siku moja kabla ya mazoezi ya uwanjani: miguu mizito huchelewa kujibu, na hapo ndipo watu huumia. Ukimaliza marudio yote kwa usafi siku mbili mfululizo za mazoezi, tia kilo 2 kwenye begi (lita moja ya maji ni kilo moja) na ulivae mgongoni.

Misuli kuuma siku moja hadi tatu baada ya kazi mpya ni kawaida. Maumivu makali ndani ya kiungo, goti kuvimba au kulegea ghafla si kawaida. Acha, na umwone mtaalamu wa viungo kabla ya kuvaa viatu tena. Maumivu butu mbele ya goti mara nyingi hutulia ukipunguza kina cha kuchuchumaa na kuacha miruko kwa wiki moja au mbili, huku mazoezi ya nyonga na vifundo yakiendelea.