Somo: Kukoroga grauti ya kujaza kati ya bomba jipya na la zamani

Mafundi wa Arusha na Moshi, hili ni kwa mnaoingiza bomba la plastiki ndani ya bomba bovu la majitaka na kujaza grauti (uji wa saruji na maji) katikati. Saruji ile ile na maji yale yale, ukikoroga vibaya, kazi imekufa.

Hesabu kwanza. Bomba la zamani likiwa na milimita 300 kwa ndani, jipya 250 kwa nje, nafasi ni lita 21.6 kwa mita. Mfuko wa kilo 50 na lita 22.5 za maji hutoa lita 38. Mita 30 zinakula mifuko 17. Weka miwili ya akiba.

Tia maji yote yaliyopimwa, washa mashine, ndipo umimine saruji taratibu. Ukitanguliza saruji inaganda chini, na mabonge yanabaki makavu ndani. Mashine ya kasi, mizunguko 1,500 kwa dakika na kuendelea, dakika 2 zinatosha. Ya mapanga ya polepole ipe 5, na bado haiifikii.

Chembe za saruji hupenda kushikana. Kasi huzitawanya, kila moja ikalowa. Zisipotawanyika huzama, maji yanapanda na kujikusanya mgongoni mwa bomba jipya, yakiondoka yanaacha uwazi. Ukichungulia kwenye chemba huoni kitu!

Usizidishe muda pia: kasi huleta joto, grauti inakaza mapema, hasa jua la saa saba mchana Moshi. Maji yakae kivulini.

Kabla ya kusukuma, pima lita moja kamili: iwe kilo 1.89 hivi. Ikisoma 1.80, maji yamezidi.

Swali (Moshi): Pampu ikiwa nzito, niongeze maji kidogo?
Jibu: Hapana mkuu. Mara nyingi ni mabonge. Pitisha grauti kwenye chujio kabla ya pampu. Ukitaka wepesi, tia plastisaiza (dawa ya kulainisha grauti bila kuongeza maji) wakati wa kukoroga, kwa kipimo cha kwenye kopo lake.

Swali (Njiro): Nikijaza maji ndani ya bomba jipya, halitaelea?
Jibu: Litaelea. Grauti hulisukuma juu kwa kilo 93 kila mita, wakati bomba la SDR 17 (upana wa nje ni mara 17 ya unene wa ukuta) likijaa maji lina kilo 50 tu. Funga kabari kuzunguka bomba, ujaze kwa awamu.