Jinsi ya Kupitia Lamb and Flag Kabla ya Kutazama Tamthilia London

Baa ya Lamb and Flag imo katika kichochoro cha Rose Street, eneo la Covent Garden, na kwa kuwa ni ndogo, anayetaka kuifaidi kabla ya kuingia ukumbini hana budi kupanga muda wake mapema. Tamthilia nyingi za West End, eneo la kumbi kubwa za maonyesho katikati ya London, huanza saa 1:30 usiku. Wafanyakazi wa ofisi za jirani huanza kumiminika baani tangu saa 11:00 jioni, na nafasi ikiisha husimama nje na glasi mikononi, hata wakati wa baridi. Kwa hiyo mwenye kutaka kiti afike saa 10:00 hivi. Ukishuka kituo cha treni cha Leicester Square, ingia Garrick Street, kisha uitafute Rose Street upande wa kushoto.

Kabla ya kuagiza, pita kwanza kwenye ujia mwembamba ulio kando ya baa, unaotokea Floral Street. Hapo karibu, mwezi Desemba 1679, mshairi na mtunzi wa tamthilia John Dryden alipigwa vibaya na watu waliodhaniwa kutumwa na kabaila John Wilmot, Bwana wa Rochester, na ingawa Dryden aliahidi zawadi ya pauni 50 kwa atakayewataja, hakuna aliyehukumiwa. Habari za baa mahali hapa zinajulikana tangu 1772, ilipoitwa Cooper's Arms, na baadaye ngumi za kulipwa zilizopiganwa hapo zikaipa jina la utani la Ndoo ya Damu. Matofali ya mbele, hata hivyo, ni ya miaka ya 1950, hivyo usiyapige picha ukidhani ni ya enzi za Dryden.

Hapa mhudumu hakufuati mezani: unakwenda mwenyewe kaunta, unasubiri zamu yako bila kupiga mluzi wala kupunga noti, unaagiza na kulipa papo hapo. Painti moja ni mililita 568, na kwa mtu anayekwenda kukaa ukumbini zaidi ya saa nzima bila kutoka, nusu painti ni busara zaidi. Bia ya asili ya Kiingereza inayovutwa kwa mkono kutoka kwenye pipa huhifadhiwa kwenye nyuzi 11 hadi 13 za Selsiasi, kwa hiyo aliyezoea kuulizwa “baridi au moto?” ataiona iko katikati, nami naona ladha yake hujitokeza vizuri hivyo. Asiyekunywa pombe aagize soda bila haya. Maji ya bomba hutolewa bure kwa mujibu wa sheria. Mkiwa kundi, kila mmoja kwa zamu hununua raundi, yaani vinywaji vya wote.

Ondoka kabla ya saa 1:10. Kwa ukumbi wa Noël Coward, vuka Garrick Street na upite New Row hadi St Martin's Lane. Usijaribu kurudi baani wakati wa mapumziko, kwani dakika 15 au 20 zinaweza kuishia kwenye foleni ya kaunta, na anayechelewa huenda akazuiwa mlangoni.