Namna ya Kuanza Vizuri Darasa la Kiingereza cha AP

Mwanafunzi wa sekondari nchini Marekani anayeingia darasa la AP English Language and Composition (AP, yaani Advanced Placement, ni kozi za kiwango cha chuo kikuu zinazofundishwa sekondari) kwa kawaida amezoea kusifiwa kwa kusoma sana na kukumbuka aliyoyasoma. Sifa hiyo haitamfikisha mbali, kwa sababu kozi hii haishii kwenye kile alichokisema mwandishi. Inataka kujua amekisemaje, na kwa nini alichagua kukisema hivyo mbele ya hadhira ile.

Kwa hiyo, tangu wiki ya kwanza soma ukiwa na penseli mkononi. Chukua hotuba ya Rais Abraham Lincoln aliyoitoa Gettysburg mwaka 1863, Marekani ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, ambayo ni fupi kiasi cha kusomwa mara tatu kwa kikao kimoja. Anayeandika pembeni "lugha ya hisia" hajaandika kitu, kwa kuwa maneno hayo yangefaa hotuba yoyote. Lakini anayeona kwamba Lincoln anaanza kwa kurudi nyuma miaka 87, akapiga hesabu na kuangukia 1776, tayari ana hoja: msemaji ameweka chimbuko la taifa kwenye Azimio la Uhuru, lililotangaza kwamba watu wote wameumbwa sawa, wala si kwenye Katiba iliyofuata, ambayo iliuvumilia utumwa. Kuanzia hapo insha inaweza kueleza jinsi mwaka huo mmoja unavyovigeuza vita vya wenyewe kwa wenyewe kuwa mtihani wa ahadi ya usawa. Kuhusu majina marefu ya tamathali za usemi, usikeshe ukiyakariri. Jina lisilo na maelezo halimshawishi msahihishaji.

Mgawanyo wa alama nao unaelekea huko huko. Mtihani wa mwezi Mei una insha tatu, na kila moja husahihishwa kwa alama 6: 1 ya hoja kuu, 4 za ushahidi na ufafanuzi, na 1 ya ukomavu wa fikra, ambayo kwa maoni yangu mwanafunzi mgeni asiihangaikie kabisa. Zile nne ndizo za kufanyia kazi. Fupisha nukuu, kisha uandike angalau sentensi mbili zako mwenyewe kabla ya kugusa nukuu nyingine. Katika insha inayokutaka utumie vyanzo visivyopungua vitatu, usivieleze kimoja baada ya kingine. Onyesha vinapokubaliana, vinapopingana, na wewe unasimama wapi.

Insha ikirudi na alama ndogo, teua aya iliyo dhaifu kuliko zote, iandike upya, umpelekee mwalimu hiyo peke yake.

Mazoezi ya kukimbizana na muda yasubiri hadi uweze kuandika vizuri bila haraka. Ukifika hapo, jipe takriban dakika 40 kwa kila insha, na uchape badala ya kuandika kwa mkono, kwa kuwa tangu 2025 mtihani huu hufanywa kwenye kompyuta.