AMD au Intel? Anza na mazabodi: kuchagua prosesa ya gemu na kazi za kila siku hapa Dar

Ukiuliza kaunta ya Kariakoo kama AMD ni bora kuliko Intel, mara nyingi utajibiwa kulingana na mzigo uliopo dukani siku hiyo. Fuata mpangilio huu badala yake: kazi ya mashine kwanza, mazabodi (motherboard, bodi kuu inayobeba prosesa na RAM) pili, chapa mwisho. Mwongozo unahusu kompyuta za mezani tu. Kwenye kompyuta mpakato prosesa huja imechomelewa, kwa hiyo uchaguzi wake ni mwingine kabisa.

Hatua ya 1: Hakikisha tatizo ni prosesa

Kama tayari una mashine, zima V-Sync (mpangilio unaofunga kasi ya picha kwenye kasi ya skrini) na ukomo wowote wa fremu (picha kwa sekunde), ingia kwenye gemu, kisha angalia matumizi ya kadi ya grafiki kwenye Task Manager ya Windows. Yakiwa 95% au zaidi, prosesa mpya haitakuongezea kitu cha maana. Yakiwa 60% huku fremu zinapanda na kushuka, kadi inaisubiri prosesa. Ili kuhakikisha, shusha ukubwa wa picha kutoka 1920×1080 hadi 1280×720. Fremu zikibaki palepale, prosesa ndiyo kikomo.

Counter-Strike 2 na Valorant huitegemea sana prosesa. Gemu zenye picha nzito hubebwa zaidi na kadi. Kwa Excel, intaneti na masomo, prosesa yoyote ya viini (cores) sita ya miaka hii inatosha. Pesa inayobaki iende kwenye SSD na RAM ya GB 16.

Hatua ya 2: Kadi ya grafiki ipo au haipo?

Intel yenye herufi F mwishoni, kama i5-12400F, haina grafiki ya ndani. Ryzen 5 5500, 5600 na 5600X za AMD nazo hazina. Ukichomeka HDMI kwenye mazabodi yenye prosesa hizo hutaona picha, na mazabodi nyingi zisizo na ubovu zimerudishwa dukani kwa sababu hiyo tu.

Kama hununui kadi kwa sasa, chukua Ryzen yenye herufi G: 5600G kwa soketi (tundu la prosesa kwenye mazabodi) ya AM4, au 8600G kwa AM5. Grafiki ya ndani ya i5-12400 ni nzuri kwa kazi na video, lakini kwa gemu ni dhaifu. Ryzen 5 7600 nayo ina grafiki ndogo ya kuonyesha picha tu, usiihesabu kama ya gemu.

Ukichukua G, nunua RAM mbili za GB 8, siyo moja ya GB 16. Grafiki ya ndani hutumia RAM ya mashine kama yake. RAM moja ya DDR4-3200 hupitisha GB 25.6 kwa sekunde, mbili hupitisha GB 51.2, na tofauti hiyo utaiona kwenye fremu. Kwenye mazabodi ya nafasi nne, zichomeke ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, kisha washa XMP (mpangilio unaoipa RAM kasi iliyoandikwa) ndani ya BIOS, programu ya kuwashia iliyo kwenye mazabodi. Usipoiwasha, RAM iliyoandikwa 3200 huenda ikakimbia 2133 au 2400 tu.

Hatua ya 3: Soketi na BIOS

Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima na wakati mwingine pesa, kwa hiyo soma yote.

Soketi kwanza. AM4 hubeba Ryzen za mfululizo wa 1000 hadi 5000. AM5, iliyoanza 2022, hubeba 7000, 8000 na 9000, na hutumia RAM ya DDR5 pekee, kizazi kinachofuata DDR4. Kwa Intel, LGA1200 ni kizazi cha 10 na 11, LGA1700 ni cha 12 hadi 14, na LGA1851 ni Core Ultra 200. LGA1700 ina mazabodi za DDR4 na nyingine za DDR5. Nafasi za RAM hazifanani, kwa hiyo soma jina zima la mazabodi kabla ya kununua RAM.

Mtego mkubwa wa vifaa vilivyotumika ni LGA1151. Prosesa za kizazi cha 6 na 7 zina idadi ileile ya pini na za kizazi cha 8 na 9, lakini mazabodi ya H110 haiwashi i5-8400. Itaingia vizuri kabisa, na haitawaka.

Sasa BIOS. Mazabodi ya B450 ilitoka 2018, Ryzen 5 5600 ikatoka 2022. Kama mazabodi imekaa kwenye boksi muda mrefu, BIOS yake haiijui prosesa hiyo. Dalili ni feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi. Hakuna kilichoungua. Usikubali kuambiwa prosesa ni mbovu kabla BIOS haijaangaliwa.

Kabla ya kulipa, fungua tovuti ya mtengenezaji wa mazabodi, tafuta orodha ya prosesa zinazokubalika, na usome ni toleo gani la BIOS linalohitajika kwa prosesa yako. Kwenye Gigabyte soma pia namba ya marekebisho iliyochapwa kwenye kona ya mazabodi, kwa sababu jina moja linaweza kuwa na faili tofauti. Stika ya boksi inayosema Ryzen 3000 Ready haitoshi kwa 5600. Unatafuta 5000.

Kama toleo ni la zamani, njia salama ni mazabodi yenye kitufe cha kuandika BIOS bila prosesa. ASUS huita BIOS FlashBack, MSI huita Flash BIOS Button, Gigabyte huita Q-Flash Plus. Hatua zake:

1. Fomati fleshi ya GB 32 au ndogo zaidi kwa FAT32.
2. Weka faili la BIOS peke yake na ulibadilishe jina: MSI.ROM kwa MSI, GIGABYTE.bin kwa Gigabyte. Kwa ASUS tumia programu ya BIOSRenamer inayokuja na faili.
3. Chomeka fleshi kwenye tundu la USB lililowekewa alama. Matundu mengine hayafanyi kazi hii.
4. Unganisha waya wa pini 24 na ule wa pini 8 wa prosesa, kisha bonyeza kitufe. Taa itapepesa kwa dakika kadhaa. Usiguse chochote mpaka itulie.

Taa ikizima ndani ya sekunde chache, au ikibaki imewaka bila kupepesa, faili halijasomwa. Karibu kila mara kosa ni jina la faili, mfumo wa fomati au tundu.

Kama mazabodi haina kitufe hicho, itabidi uwekewe kwanza Ryzen ya zamani inayokubalika, kama 2200G au 2600, ndipo BIOS iandikwe kutoka ndani. Mwombe muuzaji afanye hivyo dukani, na aiwashe mbele yako na prosesa unayoinunua. Soma pia maelezo yaliyo chini ya faili, kwa kuwa baadhi ya mazabodi hulazimika kupitia toleo la kati. Kazi yote ifanyike juu ya UPS. Umeme ukikatika katikati, mazabodi yenye kitufe utairudia tu. Isiyo na kitufe inaweza kufa, na hapo unahitaji fundi mwenye kifaa cha CH341A wa kuandika chipu moja kwa moja. Muulize kama ana adapta ya volti 1.8, maana chipu za mazabodi nyingi za AM4 hazitumii volti 3.3.

Kabla ya kubadilisha BIOS au prosesa kwenye mashine inayotumika, simamisha BitLocker (ufungaji wa diski wa Windows) na uhifadhi ufunguo wake. Mashine ikiuliza kama ufute fTPM (hifadhi ya funguo za usalama) na ukabonyeza Y bila ufunguo huo, mafaili yako yanaweza kubaki yamefungwa. Baada ya kuandika BIOS, washa XMP upya, kwa kuwa mipangilio imerudi ya kiwandani.

Kwa AM5 kuna jambo moja la ziada: mara ya kwanza skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa huku DDR5 ikijipima. Iache imalize.

Hatua ya 4: Sasa chagua chapa

Linganisha jumla ya prosesa, mazabodi na RAM. Bei ya prosesa peke yake hupotosha.

Bajeti ndogo yenye kadi: Ryzen 5 5600 kwenye mazabodi ya B550, au i5-12400F kwenye mazabodi ya B660 ya DDR4. Kwa gemu zinakaribiana sana, chukua yenye jumla ndogo. Zikilingana, ningechukua 5600, kwa sababu AM4 inakuachia njia ya kupanda hadi 5700X3D bila kubadilisha mazabodi.

Anayeanza upya na ana pesa: AM5. AMD imeahidi kuiendeleza hadi 2027 na zaidi, na 7800X3D na 9800X3D zenye kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 96 ndizo za gemu kwelikweli. Kashe hiyo hupunguza safari za kwenda kwenye RAM, na ndiyo maana huzipita prosesa zenye viini vingi zaidi.

Anayehariri video kila siku: Intel yenye grafiki ya ndani, siyo F. Quick Sync yake, sehemu ya grafiki inayosoma na kuandika video, husaidia sana kwenye programu ya Premiere.

Tahadhari moja kubwa. Core i5-13600K, i7 na i9 za kizazi cha 13 na 14 zilipatikana na tatizo la volti linaloichakaza prosesa taratibu, na gemu huanza kujifunga zenyewe. Dawa ni BIOS yenye maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) 0x12B au ya baadaye, ila haiponyi iliyokwisha kuharibika. Iliyotumika ya kundi hilo usinunue. Kizazi cha 12 hakina tatizo hilo.

Hatua ya 5: Joto

Vipimo vingi vya mtandaoni hufanyika kwenye chumba cha nyuzi 20 na kidogo. Chumba cha Dar bila kiyoyozi mwezi wa Februari kina 32, na prosesa hupanda kwa kiasi hichohicho. Hii ni sababu nyingine ya kupenda 5600 yenye kikomo cha wati 76, kuliko i9-14900K inayofika 253. Feni ya zamani ya LGA1200 haikai kwenye LGA1700 bila vishikio vipya.

Hatua ya 6: Kaunta

Kwa Intel, kagua pini ndani ya soketi ya mazabodi. Kwa AM4, kagua pini chini ya prosesa. Prosesa isiyo na boksi kwa kawaida huja bila feni, ulizia. Omba iwashwe, usome jina lake kwenye BIOS au programu ya CPU-Z, halafu endesha Cinebench (programu ya kuikimbiza prosesa) kwa dakika 10 huku programu ya HWiNFO ikionyesha joto. 5600 ikigusa nyuzi 90, feni haijakaa sawa au pasta ya kupitisha joto imekauka. Risiti iandikwe namba kamili ya modeli, herufi ya mwisho ikiwemo.